Alinunua kwa Nani?

Savea aliyekuja kutupimia shamba la mirathi alikuwa amepiga magoti akichimbia bikoni, alama ya mpaka, ya upande wa baharini, na ami yangu amesimama kando yake na ramani mkononi, alipotokea bibi mmoja anayekaa mle mle shambani kwetu Mambrui, kaskazini ya Malindi. Hakuja kwa shari. Alitusalimia vizuri, akaulizia wazee wetu mmoja mmoja, na waliokwisha kutangulia akawaombea. Kisha akanyoosha mkono kuelekea mbuyu ulioko mbali kidogo na pale tulipokuwa.

"Mpaka hauishii hapo. Unafika kwenye ule mbuyu."

Ami akaangalia ramani. Savea naye akaangalia. Bibi alikuwa amesema kweli, na karatasi yetu wenyewe ndiyo iliyomthibitishia.

Ami akamshukuru, halafu, nafikiri kwa kutaka kuweka mambo sawa mbele ya vijana waliokuwa wamekusanyika, akasema kwamba shamba hili Mzee Mkubwa alilinunua kwa pesa yake mwenyewe.

"Najua alinunua, mwanangu," bibi akasema. "Alinunua kwa nani?"

Hakukuwa na kejeli katika sauti yake. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Alipoona hakuna anayejibu alirudi barazani kwake, akaendelea kusuka makuti.

Swali hilo nilirudi nalo Mombasa. Nimelala nalo na kuamka nalo kwa wiki kadhaa, na naandika kwa sababu nimeshindwa kulinyamazia.

Tulivyosimuliwa

Mzee Mkubwa ni babu wa babu yangu. Alikuja Mambrui kutoka Shihri, bandari ya Hadhramaut kule Arabuni, kwa jahazi, msimu wa kaskazi, kijana asiye na kitu. Alibeba mizigo, akateka maji akiuza nyumba kwa nyumba, akalala kwenye ghala la mtu. Baadaye akafungua kiduka cha mchele, tende, mafuta na nguo. Kutoka kwenye kiduka hicho yakaja mashamba: moja, halafu jingine, halafu kiwanja karibu na pwani, halafu minazi upande wa Malindi.

Hadithi hii tumelelewa nayo. Mtoto akifeli mtihani, anasimuliwa. Kijana akikosa kazi, anasimuliwa. Na ni hadithi ya kweli ya Washihiri wengi wa mwambao wetu, walioanza na uhamali wakaishia na hati. Sioni haya kusema kwamba bado inanitia fahari.

Lakini katika nyumba yetu, ukishasema "alinunua", mazungumzo ya ardhi yamekwisha. Aliyemuuzia hatajwi. Waliolima hawatajwi. Na wanawake wa Mzee Mkubwa wanapita haraka mno: mke aliyemwacha Hadhramaut, mke wa Kibajuni aliyemwoa Mambrui, na "yule mama mwengine".

Yule mama mwengine ndiye mama yake baba wa babu yangu. Yaani damu yangu inapita kwake, na mpaka mwaka huu sikuwa nimewahi kusikia jina lake.

Sanduku la shangazi

Hati zetu za zamani ziko kwa shangazi, Mji wa Kale, kwenye sanduku lenye misumari ya shaba ambalo watoto hatukuruhusiwa hata kulikalia. Nilimwomba, akanifungulia. Mwalimu mmoja mzee wa madrasa akakubali kukaa nami alasiri kadhaa kunisomea, kwa sababu khati yenyewe ni ya Kiarabu cha makadhi, imebanana, na wino umegeuka rangi ya kahawa.

Hati ya shamba lile inaanza kwa Bismillahi. Halafu inataja mipaka minne kama ilivyokuwa desturi: kibla, yaani kaskazini, kuna shamba la fulani; matlai, yaani mashariki, kuna bahari; suheli, yaani kusini, kuna njia ya kwenda kisimani; maghribi kuna shamba la fulani mwengine. Halafu minazi, miembe na kisima. Halafu bei. Halafu mashahidi, na muhuri wa kadhi.

Muuzaji ni mwanamke.

Nilimwomba mwalimu asome tena. Ni mjane wa bwana mmoja wa Kiomani, aliyeuza fungu lake na mafungu ya wanawe yatima kupitia wakili. Wala haishangazi kwa anayejua hati za pwani. Sheria ya mirathi iliwapa wanawake ardhi kwa haki yao wenyewe, nao wakauza, wakanunua, wakaweka rahani na wakfu. Tunachoshindwa ni kuwakumbuka tunaposimulia.

Chini ya hati ile kulikuwa na nyingine ya zamani zaidi, ya shamba lile lile, na hiyo ndiyo iliyonikalisha kimya. Ilikuwa bei ya khiyari. Aliyekopa "anauza" shamba lake, anapokea pesa, anaendelea kulitumia huku akitoa ijara, yaani kodi, kila mwaka, na akiweza kurudisha pesa kabla ya muda uliowekwa, shamba linarudi kwake. Asipoweza, limekwenda. Ilikuwa njia ya kukopeshana bila kuitaja riba.

Kwa hiyo Mzee Mkubwa hakwenda siku moja sokoni na mfuko wa rupia akachagua shamba. Alimkopesha mume wa mjane mchele na nguo kwa miaka. Deni likakua. Mume akafa. Mjane akamalizia kuuza.

Kwa nini wenye mashamba walifilisika

Hapa ilibidi nisome zaidi ya karatasi za nyumbani.

Malindi tunayoijua ilifufuliwa upya mwaka 1861, zama za Sayyid Majid, Sultani wa Zanzibar, baada ya kukaa magofu na msitu kwa muda mrefu. Waliotumwa na waliofuata walikuta ardhi nzuri ajabu. Katika miaka ya 1870 mtama na ufuta wa Malindi na Mambrui ulikuwa ukijaza majahazi kwenda Arabuni. Watu kama Salim bin Khalfan, aliyekuwa liwali wa Malindi na baadaye Mombasa, na Suleiman bin Abdalla al-Mauli, walikuwa na mashamba makubwa mno.

Na mashamba hayo hayakununuliwa kwa mtu. Yalifyekwa. Aliyefyeka msitu akalima, akawa mwenyewe.

Basi jibu la swali la bibi likaanza kunikaa mbele ya macho. Mzee Mkubwa alinunua kwa mjane. Mjane alirithi kwa mumewe. Mumewe alipata kwa kufyeka.

Lakini mumewe hakushika shoka.

Waliofyeka ni Wayao, Wanyasa, Wangindo, watu waliotekwa bara na kuteremshwa Kilwa, wakapakiwa kuja kaskazini. Walipimiwa ngwe zao za kulima asubuhi, nokoa, msimamizi wa shamba, akiwa nyuma yao. Ijumaa walilima vikonde vyao wenyewe. Wengi walitoroka, wakajenga miji ya watoro kama Makongeni na Fuladoyo, au wakakimbilia misheni ya Rabai. Watoro wa misheni walikuwa wengi kiasi kwamba Kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikiendesha pwani ililazimika kuwalipa mabwana, na tarehe 1 Januari 1889 wapatao 1,400 wakapewa vyeti vya uhuru.

Mkataba wa 1873 wa kukomesha biashara ya watumwa ulikuwa umeziba njia ya baharini. Tangazo la Sultani Sayyid Ali bin Said la tarehe 1 Agosti 1890 likapiga marufuku kuuza na kununua watu. Mwenye shamba kubwa akabaki na ardhi asiyoweza kuilima, nyumba kubwa ya kulisha, na jina asilotaka kuliangusha. Akaenda dukani kukopa.

Dukani kulikuwa na Mzee Mkubwa.

Hili nililikataa kwanza. Nilitaka fahari yangu ibaki kama ilivyokuwa: kijana maskini, jasho lake, mashamba yake. Jasho lipo. Lakini alinunua kwa sababu utumwa ulikuwa unakufa na mabwana wanafilisika, na alichonunua kilikuwa na bei kwa sababu watumwa walikuwa wamekwisha kukifyeka na kukipanda. Hati iliandikwa miaka michache baada ya lile tangazo la 1890, kwa hiyo haitaji mtu yeyote katika vilivyouzwa. Inataja minazi, miembe na kisima. Waliopanda minazi, wakamwagilia miembe na kuchimba kisima walikuwa pale pale wakati mashahidi wakitia sahihi.

Yule mama mwengine

Karatasi ya mirathi ya Mzee Mkubwa ndiyo safi kuliko zote. Mke wa Kibajuni na thumni yake. Watoto wa kiume, mafungu mawili mawili. Watoto wa kike, fungu moja moja. Baba wa babu yangu yumo, na fungu lake kamili, sawasawa na ndugu zake waliozaliwa na mke.

Mama yake hayumo.

Nilimuuliza shangazi. Akafunga sanduku kwanza. Akaenda jikoni, akarudi na kahawa, akamimina, akanisukumia kikombe.

"Alikuwa suria," akasema.

Halafu yakatoka, kidogo kidogo, mambo aliyoyasikia kwa nyanya yake akiwa mdogo. Kwamba aliletwa mtoto, akitokea Unyasa. Kwamba alipika, akawalea hata watoto wa mke mkubwa, na wao wakampenda kuliko mama yao. Kwamba alikuwa akikuna nazi akiimba kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua, na akiulizwa anaimba nini anasema amesahau maana. Kwamba mwanawe alipokuwa mtu mzima alimjengea chumba cha mawe, akakataa kulala humo, akasema kina baridi.

Nilimuuliza jina. Shangazi hakuwa nalo. Nyumbani alikuwa akiitwa kwa jina la mwanawe, mama fulani, basi.

Kwa fiqhi ya Kishafi, suria, yaani mtumwa anayewekwa kinyumba na bwana wake bila ndoa, akimzalia bwana huyo hauzwi tena, na bwana akifa anakuwa huru. Mtoto ni huru tangu kuzaliwa, ni mtoto halali, anarithi kama wengine. Mama hapati kitu katika mirathi, maana si mke. Nimeisoma sheria hii shuleni nikaipasi mtihani. Kuiona ikifanya kazi ndani ya nyumba yangu mwenyewe ni jambo jengine.

Kuna wanaotetea kwamba wanawake hawa waliishi vizuri. Huenda wengine walikula vizuri na kuvaa vizuri. Lakini mtoto mdogo alitolewa kwao akavushwa bahari, na hakuna aliyemuuliza lolote, si siku ile wala usiku wowote uliofuata. Siwezi kuandika kuhusu maisha ya ndoa ya Mzee Mkubwa nikalipita hili.

Wajoli

Nikarudi Mambrui peke yangu, bila savea.

Nilimletea bibi sukari na majani ya chai, tukakaa barazani. Nilimwambia nimepata nusu ya jibu: alinunua kwa mjane wa fulani. Akatikisa kichwa. Jina la mjane alikuwa analo. Alikuwa na jina la mume pia, na la nokoa, na la ng'ombe aliyeanguka kisimani.

Babu yake alikuwa Mnyasa. Aliletwa shamba lile na mume wa mjane, akapanda safu ya minazi iliyoko mpaka leo kuelekea kisimani. Mjane alipouza, yeye akabaki pale pale shambani. Mabwana wakabadilika, jembe likabaki lile lile.

Kisha akaniuliza kama najua kwamba babu yake na mama yetu, yule suria, walikuwa wajoli, yaani watumwa wenza.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Walikuja pamoja kutoka Kilwa, jahazi moja, wakiwa watoto, wakawa wanaitana ndugu mpaka uzeeni. Msichana alipelekwa mjini kwenye nyumba ya dukani, mvulana akaletwa shamba. Siku za Idi mama yetu alikuwa akija huku na bakuli la chakula, akishinda hapa, kwenye baraza iliyokuwa hapa kabla ya hii.

Na akalitaja jina lake.

Sitaliandika hapa. Shangazi zangu ndio wanaostahili kulisikia kwanza, na nitawaambia ana kwa ana.

Njiani kurudi nilikuwa nikijiuliza jambo moja tu. Watoto wawili, jahazi moja, nchi moja, utumwa mmoja. Wajukuu wa mmoja tuna hati na savea. Wajukuu wa mwengine wanatoa ijara kwetu, na serikali inawaita maskwota. Ni nini hasa kilichotutenga? Hakuna aliyefanya kazi zaidi. Hakuna aliyekaa zaidi. Wao ndio hawajawahi kuondoka. Tofauti yote ni kwamba mmoja alizaa na bwana.

Hiyo ndiyo haki yangu ya shamba lile, ukiifuatilia mpaka mwisho wake.

Mstari mmoja wa sheria

Utumwa wa kisheria upande wa Kenya ulikomeshwa 1907, na mabwana ndio waliolipwa fidia. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hatimiliki za ardhi za pwani. Kila mwenye madai alitakiwa apeleke ushahidi mbele ya mahakama ya kusajili hati. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Kazi hiyo ilianzia Malindi.

Mzee Mkubwa alikuwa na hati yenye muhuri wa kadhi. Akapeleka, akapewa cheti. Babu wa bibi alikuwa na minazi.

Sasa, kwa desturi ya pwani, mnazi na ardhi ni vitu viwili. Unaweza kupanda kwenye ardhi ya mwenzio, mti ukawa wako, ukaurithisha, ukauza. Lakini sheria ile ilisema mwenye cheti cha umiliki ndiye mwenye minazi, nyumba na majengo yaliyomo siku cheti kilipotolewa, isipokuwa kama kumeandikwa vingine kwenye cheti chenyewe. Nimekitazama cheti chetu mbele na nyuma. Hakukuandikwa vingine.

Nani angeandika? Aliyepaswa kudai hakujua kusoma, alikuwa amepata uhuru juzi, na aliyekuwa akienda mahakamani ndiye mwenye shamba analokaa.

Mambo yaliyofuata huku kwetu wengi mnayajua. Wagiriama waliokuwa wakilima kaskazini ya Sabaki, na nafaka yao ikitoka kupitia Mambrui na Malindi, walifukuzwa na Waingereza mwaka 1914, na kilichotokea ni vita vinavyokumbukwa kwa jina la Mekatilili wa Menza. Mwaka 1963, Mwambao, ule ukanda wa pwani uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, ulipounganishwa na Kenya, barua za Kenyatta na Waziri Mkuu Mohamed Shamte wa Zanzibar ziliahidi kwamba hati za pwani zilizosajiliwa zitatambuliwa. Familia yetu ililala usingizi mzuri mwaka ule. Ahadi ile ilibeba na kila kilichoachwa nje ya vyeti tangu 1908.

Anachosema ami

Ami si mtu mbaya, na hoja zake si nyepesi. Anasema Mzee Mkubwa hakumteka mtu, alilipa, na wazee wetu walilipa kodi miaka yote. Anasema tukianza kurudi nyuma hatutajua pa kusimama: kabla ya Waomani walikuwako Waoromo na mifugo yao, kabla yao wenye mji wa zamani. Anasema madalali wa Malindi wakisikia tumelegea, wataleta maskwota wa kukodi kesho asubuhi, na hilo limewapata watu tunaowajua. Anasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba kiwanja cha upande wa bahari kina mnunuzi tayari na wajukuu wanataka karo.

Nimeyapima yote. La madalali linaniogopesha kweli. Lakini mimi sizungumzii kila mtu aliyewahi kupita Mambrui. Nazungumzia nyumba chache, makaburi yao yaliyo nyuma ya kisima, na safu moja ya minazi ambayo hata mpandaji wake tunamjua.

Nilichopendekeza ni hiki: kabla mirathi haijagawanywa, sehemu ya nyumba zile, makaburi na minazi mpaka kisimani ikatwe, ipimwe, itolewe hati kwa majina ya wanaokaa hapo, wanawake wakiwemo. Ijara isimame kuanzia sasa. Na wasiosaini wasilazimishwe. Kila mrithi mzima ana haki ya kutoa katika fungu lake, la mwengine halimhusu.

Fungu langu ni dogo, nusu ya la kaka zangu, na limegawanyika vizazi vinne. Nimeshaandika barua kwamba litolewe lote kwa kazi hiyo. Kaka zangu wawili wamesaini chini yangu. Shangazi anataka kwanza kwenda Mambrui kumwona bibi, na ameniambia nimtafutie gari lisilo la kumbana miguu. Ami ameomba muda.

Savea anarudi baada ya Maulidi. Nimemlipa siku ya ziada, apime mpaka kisimani.